Moyo Uliobaki Mtini: Shajara ya Mradi wa Ngano za Wanyama, Darasa la Kwanza, Pangani

Januari, wiki ya tatu

Mradi huu nimeuanza kwa sababu moja. Mwaka jana watoto wangu wa darasa la kwanza walimaliza mwaka wakiweza kusoma kwa sauti habari fupi ya sentensi tano, lakini nilipofunika kitabu na kumwomba mtoto anieleze alichokisoma, wengi walinyamaza au wakarudia neno la mwisho waliloliona. Macho yalikuwa yamepita juu ya maneno na habari yenyewe ikabaki kitabuni. Nimeamua kutenga vipindi viwili kila wiki, vya dakika 30 kila kimoja, hadi mwezi wa sita, kwa kazi ya kusikiliza ngano za wanyama, kuziigiza na kuzisimulia upya. Darasa lina watoto 54, wengi wao wa miaka sita na saba. Vifaa nilivyo navyo ni khanga tatu kuukuu, kamba ya katani, maboksi machache ya sabuni na daftari hili.

Nilianza na sungura na zabibu, kwa kuwa ni ngano fupi yenye mhusika mmoja, na kila mtu mzima wa hapa anaujua msemo wa "sizitaki mbichi hizi". Nilisimulia mara mbili, kisha nikauliza swali ambalo sisi walimu huliuliza kila mara: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mikono mingi ikanyooka. Tusiwe na tamaa. Tuwatii wazazi. Tusiibe. Hakuna jibu hata moja lililotoka kwa sungura yule aliyeshindwa kuzifikia zabibu. Mtoto anajua kwamba mwisho wa hadithi mwalimu hudai funzo, naye ana akiba ya mafunzo matatu au manne, hulitoa mojawapo kama abiria atoavyo nauli, na baada ya hapo hana tena haja ya kuifikiria hadithi.

Kipindi cha pili nililiacha swali hilo. Nilifunga khanga yenye maua ya zambarau juu ya nondo za dirisha, nikawaambia kwamba zile ni zabibu na kwamba sungura ana njaa. Mtoto mmoja wa kiume, mfupi kuliko wenzake, aliruka mara sita. Alisimama akihema, akaitazama ile khanga kwa muda mrefu hadi darasa likatulia, kisha akaipa mgongo na kusema, "Kwanza chafu." Hakuna aliyemfundisha neno hilo, na wala mimi sikuwa nimelitamka katika masimulizi yangu. Kwa maneno yale mawili alikuwa ameisimulia ngano nzima, na nimeyaandika hapa ili nisisahau kwamba ilimlazimu kuruka kwanza ndipo akayapata.

Februari, wiki ya kwanza

Wiki hii imekwenda kwa ugomvi wa nani awe sungura. Nimeamua kwamba nafasi zitatolewa kwa kura ya vijiti, na kwamba asiyepata mnyama atakuwa mti, upepo au njia. Nusu ya darasa inaigiza na nusu inatazama, kisha wanabadilishana.

Februari, wiki ya tatu

Nilimwalika bibi mmoja wa mtaani, ambaye wajukuu zake wawili wamewahi kupita katika darasa langu. Watoto walisimama wakamwamkia, naye akakataa kiti nilichomwekea, akaomba mkeka, akakaa chini na kuwataka wote wamkaribie. Alianza kwa kuita "Paukwa!" na ni watoto wachache tu walioitikia "Pakawa!", kwa kuwa wengi wamezoea "Hadithi, hadithi!" na kuitikia "Hadithi njoo!" Hakuendelea. Aliita tena na tena mpaka darasa zima likaitika kwa sauti moja, ndipo akawamiminia maneno yote ya ufunguzi, ya chanjagaa aliyejenga nyumba akakaa, na ya mwana mwenye kijino kama chikichi. Watoto hawakuelewa nusu ya maneno hayo, na wala hawakusumbuka, kwa maana walikuwa wamekwisha kuingia.

Niliyokuwa nikiyasikiliza mimi ni vitenzi vyake. Katika simulizi za watoto nilizorekodi kwa simu mwezi uliopita, karibu kila sentensi inaanza kwa "alafu": alafu sungura alikuja, alafu aliona zabibu, alafu aliruka. Kila tendo limesimama peke yake kama jiwe, na mtoto hupumua kati ya moja na jingine. Bibi hakulihitaji neno hilo, kwa kuwa alikuwa na "ka" yake: akaenda, akafika, akamkuta, akamwambia. Kiambishi hicho kidogo hubeba wakati na mfuatano pamoja, na anayekitumia huonyesha kwamba tendo hili limezaliwa na lile lililotangulia. Watoto wa hapa mjini wanakitumia vizuri wakigombana au wakisimulia kilichotokea njiani, lakini mbele ya mwalimu wanakiacha nje ya mlango, pengine kwa kudhani kwamba lugha ya darasani sharti iwe ya sentensi zilizokatwakatwa kama zile za kitabu cha kujifunzia kusoma. Tangu sasa sitasahihisha "alafu" kwa kukaripia. Nitasimulia nao kwa zamu, mimi kitendo kimoja na mtoto kitendo kinachofuata, hadi "ka" ije yenyewe.

Watoto wanne wanaotoka vijijini huongea Kizigua nyumbani, na mbele ya darasa hunyamaza. Nimewaruhusu wasimuliane kwanza wao kwa wao kwa lugha wanayoitaka, kisha ndipo waje kwangu. Mmoja wao leo alisimulia kwa Kiswahili hadi mwisho.

Machi, wiki ya kwanza

Tumeingia katika ngano ambayo ndiyo kiini cha mradi, yaani kima na papa. Kima hula kuyu juu ya mkuyu uliotanda nusu nchi kavu na nusu juu ya bahari, na papa hukaa chini akiomba arushiwe. Urafiki wao unaota kwa njia hiyo, kisha siku moja papa anamwalika kima kwao na kumchukua mgongoni. Wakiwa katikati ya maji anamweleza kwamba sultani wa papa ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba laiti angeambiwa mapema angeuchukua, kwa maana makima wakitembea huiacha mioyo yao mtini. Papa anamrudisha pwani akauchukue, kima anapanda mkuyu, na hashuki tena.

Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, aliipata huko kwa wasimulizi wa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1870, lakini hadithi yenyewe ni ya kale kuliko hapo kwa karne nyingi. Imo katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa ngano za Kihindi kwa lugha ya Kisanskriti, na ilipita katika Kiarabu kwa kalamu ya mfasiri Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Nimechagua hadithi hii kwa sababu watoto wa Pangani wanayajua maji. Wapo wanaovuka kwa pantoni kutoka Bweni, ng'ambo ya mto, kuja shule, na nilipouliza kima angekimbilia wapi baada ya kuambiwa habari ya sultani, mtoto mmoja wa Bweni alijibu kabla sijamaliza: "Hapana pa kwenda, mwalimu. Pale kati hapana."

Neno "kima" lilituchukua dakika kumi, kwa kuwa wengi wanalijua kwa maana ya nyama ya kusaga iliyomo ndani ya sambusa. Tulikubaliana kwamba ni mnyama wa jamii ya tumbili na ngedere, na wakayataja yote mawili kwa kuwa wameyaona yakiiba mahindi.

Machi, wiki ya pili

Nimesikiliza watoto 12 wakisimulia, mmoja mmoja, pembeni ya darasa, na nimekutana na jambo ambalo sikulitarajia. Wote wanakumbuka mkuyu, wanakumbuka papa na ugonjwa wa sultani. Lakini watoto saba kati ya hao 12 wanaamini kwamba kima kweli aliuacha moyo mtini. Msichana mmoja, ambaye husimulia kwa ufasaha kama aliyekariri shairi, alinyoosha kila neno mahali pake mpaka kima akapanda mtini. Nilipomuuliza kwa nini hakushuka, alisema, "Anautafuta bado."

Usiku nimelifikiri sana jibu hilo. Mimi nilidhani uongo wa kima ni sehemu rahisi kwa sababu ndiyo inayochekesha. Kumbe kuuelewa kunamtaka mtoto ashike mambo matatu kwa pamoja: kwamba moyo umo kifuani, kwamba kima anajua umo, na kwamba papa anaamini haumo. Wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walieleza mwaka 1983 jaribio lao la mtoto Maxi, ambaye chokoleti yake ilihamishiwa kabati jingine wakati hayupo, na watoto waliotazama wakaulizwa Maxi ataitafuta wapi. Wale wadogo wa miaka mitatu walielekeza mahali chokoleti ilipo sasa, na kadiri umri ulivyopanda ndivyo walivyoongezeka waliojua kwamba ataitafuta pale alipoiacha. Watoto wangu wameufikia umri wa kulijua hilo. Hata hivyo, kulijua katika maisha ni jambo moja, na kulibeba ndani ya maneno ya hadithi iliyosikiwa, ambayo haisemi popote "huu ni uongo", ni jambo jingine. Msimulizi hodari huuonyesha uongo kwa sauti na jicho. Maandishi hayana jicho, na hapo ndipo watoto wangu wa mwaka jana walipopotelea.

Machi, wiki ya tatu

Nilikata kipande cha khanga nyekundu, nikakikunja na kukifunga kwa uzi hadi kikawa kama ngumi ya mtoto. Huo ndio moyo. Anayekuwa kima huutia ndani ya shati, upande wa kushoto, mbele ya darasa zima, wakati papa amegeukia ukutani. Kamba ya katani imelazwa sakafuni kuwa ufuko, na watoto wanane wanashika khanga mbili na kuzipeperusha kuwa mawimbi.

Nitaeleza ilivyokuwa mara ya kwanza. Papa alikuwa mvulana mkubwa kidogo, na kima alikuwa yule msichana wa shairi. Walivuka kamba, wakafika katikati ya mawimbi, papa akasema habari ya sultani. Msichana alifungua kinywa kutoa maneno aliyoyakariri, na papo hapo mkono wake ukaenda kifuani wenyewe, ukagusa uvimbe wa kitambaa kile, ukabaki hapo. Alinyamaza. Waliokuwa wakitazama waliuona mkono ule, mmoja akanong'ona, "Anao! Anao!" na wenzake wakamzuia kwa vidole midomoni ili papa asisikie. Ndipo msichana akasema, polepole, akimtazama papa usoni: "Moyo wangu nimeuacha nyumbani, rafiki yangu. Ungeniambia." Alipofika mtini na kupanda juu ya boksi, aliutoa moyo akauinua juu, na darasa lilipiga kelele hadi mwalimu mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

Wiki hiyohiyo nilirudia kuwasikiliza wale saba. Sita walieleza kwamba kima alidanganya ili asiuawe. Wa saba alisema, "Papa hakuuona," nami nimelipokea jibu hilo, kwa kuwa ndilo kiini cha yote.

Nimebadilisha pia kazi ya wanaotazama. Zamani niliwaambia wakae kimya. Sasa kabla ya kuanza nawapa swali moja, nalo ni: nyinyi mnajua nini ambacho papa hakijui? Hilo linawafanya wawe washiriki bila kuinuka mkekani.

Aprili, wiki ya pili

Masika. Mvua inapopiga mabati yetu, hata mwalimu mwenye sauti kubwa hasikiki safu ya tatu, na kwa siku mbili nilifikiri vipindi vimepotea. Siku ya tatu niliwaonyesha kwa ishara tuigize bila maneno, na nimepata kipimo bora kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Mtoto aliyekariri hana la kufanya maneno yakiondolewa. Aliyeelewa anajua lini papa anamtazama sultani kwa huruma, lini anamtazama kima kwa aibu, na lini kima anatabasamu huku moyo unamdunda. Wawili kati ya wale watoto wa Kizigua, ambao kwa maneno ningewapa alama za chini, waliigiza safari yote bila kukosa tukio lolote. Nimewaandika upya daftarini.

Mei, wiki ya kwanza

Nina jambo zito la kuandika. Wakati tulipoigiza sungura na fisi mwezi uliopita, kura ilimwangukia mtoto mmoja kuwa fisi mara mbili mfululizo, naye aliigiza vizuri mno, akichechemea na kumeza mate. Sasa mama yake amenijia akanieleza kwamba nyumbani na njiani anaitwa Fisi, na asubuhi ile alikataa kuja shule. Nilimwomba radhi mama huyo, na nilimwomba radhi mtoto mbele ya darasa, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nilimvika mtoto mnyama, kisha kengele ikalia nikamwacha aondoke naye.

Tangu siku hiyo kila igizo lina mwisho wake. Wote waliocheza wanasimama kwenye kamba, wanaiweka chini khanga au chochote walichovaa, na kila mmoja anataja jina lake kamili, nasi tunamwitikia, "Karibu." Hakuna anayeruhusiwa kuwa fisi mara mbili kwa mwezi. Na ile ngano ndogo ambayo kima humsimulia papa kutoka mtini, ya punda wa dobi asiye na moyo wala masikio, sehemu ya punda naichukua mimi mwenyewe, kwa sababu neno hilo limetumika sana katika shule zetu kumtukana mtoto anayechelewa kuelewa, na simwoni mtoto wa kumpa.

Yule mtoto amerudi. Jana alikuwa wimbi.

Mei, wiki ya tatu

Mwalimu mwenzangu aliniuliza kwa nia njema kama muda huu usingefaa zaidi kwa mazoezi ya kusoma, kwa kuwa watoto watapimwa kusoma, kuandika na kuhesabu, wala hawatapimwa kuigiza. Nilimweleza utafiti wa Wamarekani wawili, Pellegrini na Galda, uliochapishwa mwaka 1982. Waliwasomea hadithi watoto wa chekechea hadi darasa la pili, kisha kundi moja likaigiza, jingine likajadiliana na mwalimu, na jingine likachora. Walioigiza ndio walioielewa na kuisimulia vizuri zaidi, na faida ilikuwa kubwa kwa wadogo. Lakini kilichomgusa mwenzangu zaidi ni watoto wenyewe. Nilimpa aya ngeni ya sentensi sita, awape wanne wa darasa langu waisome na kuieleza. Watatu waliieleza kwa "ka" na kwa "ili", na wa nne akamuuliza, "Mwalimu, huyu anasema kweli au anadanganya?" Amekubali kujiunga nami muhula ujao.

Katika vikundi vidogo watoto wameanza kuibadilisha ngano. Kundi moja limemwondoa papa na kumweka mamba, kwa kuwa mamba wapo mtoni na papa wanayemjua wao ni yule mkavu wa sokoni. Mwanzoni nilitaka kuwarudisha kwenye njia, kisha nikajizuia. Mnyama huyo ni mamba katika Kisanskriti, katika Kiarabu ni kobe wa majini, na alipofika pwani yetu akawa papa. Kila waliopokea hadithi waliangalia maji yao wenyewe, na watoto hawa wameyaangalia ya kwao. Ninachowadai ni kwamba sababu zisivunjike: mnyama wa majini awe na shida ya kweli, kima awe mahali asipoweza kukimbia, na uongo uweze kuaminika kwa mwenye haja.

Vivian Paley, mwalimu wa watoto wadogo aliyefundisha miaka mingi huko Chicago, aliandika hadithi kama mtoto alivyozitamka, kisha watoto wakaziigiza siku ileile, mtunzi akichagua nafasi anayoitaka. Nimeanza kufanya hivyo kila kipindi cha pili, mtoto mmoja kwa siku, ubaoni, mistari isiyozidi minane. Anayeona maneno yake yameandikwa ubaoni huyasoma kwa bidii ambayo sijaiona kwa habari ya kitabuni.

Juni, wiki ya kwanza

Kipindi cha mwisho kabla ya likizo. Watoto 47 kati ya 54 sasa wanaweza kuisimulia kima na papa kwa maneno yao tangu mwaliko hadi mtini, na kueleza kwa nini kima alisema alichosema. Saba waliobaki nitaanza nao Julai, wawiliwawili, kwa kitambaa na bila hadhira kubwa.

Leo yule msichana wa shairi aliomba kuwa papa. Walivuka, wakarudi, kima akapanda boksi na kuinua moyo, darasa likashangilia kama kawaida, na mimi nikainama kuikunja kamba. Nilipoinua kichwa, papa alikuwa bado amesimama ndani ya mawimbi. Aliwaashiria wenye khanga waendelee kupeperusha, kisha akauliza kwa sauti ya chini, akimtazama kima juu: "Na sultani wetu je? Nitamwambiaje?"

Kima hakuwa na jibu. Alinitazama mimi, nami sikuwa nalo, kwa kuwa hadithi haisemi. Kengele ilikuwa imelia lakini hakuna aliyeinuka. Mtoto mmoja alisema sultani atakufa, mwingine akasema papa aongope kwamba hakumkuta kima, na yule wa Bweni akasema papa asirudi kabisa kwao, akae hapo chini ya mkuyu. Waliweka vitambaa chini, wakataja majina yao, wakatoka nje wakiendelea kubishana. Nimeyaandika majibu yote matatu nyuma ya ubao wa karatasi, na kipindi cha kwanza cha Julai kitaanzia hapo, kwa papa aliyesimama majini.